Kiko cha mzeituni na kiko cha braya: je, mzeituni unastahimili uvutaji wa kila jioni?

Mzee wa Menengai (Nakuru)

Ndugu zangu wavutaji wa kiko, nawasalimu kutoka Nakuru. Kwa miaka mingi nimevuta viko vya braya peke yake, yaani ule mti mgumu wa Mediterania unaochongewa viko vingi, na sikuona sababu ya kutafuta mti mwingine mpaka mpwa wangu aliponiletea kutoka Italia kiko cha Savinelli cha aina iitwayo Oliva, ambacho kichwa chake kimechongwa kwa mzeituni. Kwa macho ni kizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Mti ni wa manjano iliyoiva, umepitiwa na mistari ya kahawia iliyopinda na kukolea, na hakuna rangi iliyopakwa juu yake kuficha lolote.

Tangu nianze kukitumia, hata hivyo, naona tofauti ambazo ningependa wenye uzoefu wanieleze. Moshi wa mwanzo ulikuwa na ladha ya mti wenyewe, utamu wenye uchungu kidogo nyuma yake, ladha ambayo sikuipata katika viko vya braya hata vilipokuwa vipya. Isitoshe, kichwa kinapata joto upesi. Nikivuta kibarazani jioni, upepo unapovuma kutoka upande wa Menengai, inanilazimu kukiweka chini kabla tumbaku haijafika nusu, kwa kuwa siwezi kukishika kiganjani, ilhali braya yenye ukubwa uleule naivuta hadi mwisho bila taabu. Tumbaku ni ileile, na naishindilia kwa namna ileile.

Ninachouliza basi ni kama hizo ni tabia za mzeituni wenyewe, ambazo mvutaji hana budi kuzizoea, au ni mambo ya kiko kipya yatakayokwisha kikishapata ukoko wa makaa ndani. Je, kinaweza kuwa kiko cha kila jioni, au ni cha kuvutwa mara mojamoja siku ya mapumziko?

Swali jingine linafuata hapo. Huku kwetu kuna mutamaiyo, mzeituni wa porini, na wachongaji wanaouza miiko na mabakuli kando ya barabara kuu wanaujua vizuri. Mmoja wao yuko tayari kunichongea kiko kutoka kwenye gogo alilo nalo. Kabla sijampa kazi hiyo ningependa kujua kama mti huo unafaa kukaa na moto, kwa maana mwiko wa ugali haukutani na kaa.

Mkazi wa Kitale

Mzee wa Menengai, salamu. Nitaanza na braya, kwa sababu asiyejua kwa nini braya ilizishinda mbao nyingine hawezi kuutendea haki mzeituni.

Braya si shina wala si mzizi hasa. Ni uvimbe mgumu unaoota kati ya shina na mizizi ya kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Erica arborea, na ambacho humea katika vilima vikavu vya mawe kuizunguka bahari ya Mediterania: Korsika, Sardinia, Calabria, Ugiriki, Algeria na kwingineko. Uvimbe huo ndio humwezesha mmea kuchipuka upya baada ya ukame au moto wa nyika. Kwa sababu hiyo nyuzi zake hazikulala upande mmoja kama za ubao, bali zimesokotana, na ndani yake mna silika, madini yaleyale ya mchanga. Uvimbe wa kufaa kuchongwa hukaa ardhini miongo kadhaa, kwa kawaida miaka 30 au zaidi. Ukishang'olewa hutunzwa mahali penye unyevu usije ukapasuka, hukatwa vipande kwa msumeno, huchemshwa majini kwa saa nyingi ili utomvu na tanini, yaani ule ukakasi wa mti, zitoke, kisha hukaushwa polepole kwa miezi, na watengenezaji wenye subira huuacha kwa miaka. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, ulianza kuchonga viko vya braya katikati ya karne ya 19, na tangu hapo viko vya udongo na vya mbao za kawaida vikasogezwa pembeni.

Wengi wa huku kwetu hawajui kwamba kichaka hichohicho kipo Mlima Elgon. Ukipanda kupita ukanda wa mianzi, ukikaribia mita 3,000 na kuendelea, unakikuta kimesimama katika ukungu, matawi yamevikwa ndevu za kijivu. Mimi hukitazama kwa hamu kila ninapopanda, lakini ndani ya hifadhi hakiguswi, na hata kama kingeguswa, kinapata mvua na ukungu ambao kile cha Calabria hakipati. Nakitaja ili tukumbuke kwamba jina la mti peke yake halitoshi. Mahali ulipokulia na namna ulivyotayarishwa vina uzito mkubwa.

Sasa mzeituni. Kwa kawaida kiko chake huchongwa kwa mbao za shina au za matawi manene, ambazo nyuzi zake hufuata urefu wa mti, na hazipitii ile desturi ndefu ya kuchemshwa. Ni mbao nzito, zenye kilo 900 hadi 1,000 kwa mita ya ujazo zikiwa kavu, na zina mafuta ya asili. Uzito huo unasaidia, ila uzito na ustahimilivu wa moto ni mambo mawili. Mbao zozote huanza kugeuka makaa zikifikia joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, na kaa la tumbaku inayovutwa kwa pupa linapita hapo kwa mbali. Kinachokiokoa kiko ni majivu, ukoko, na mwendo wa mvutaji.

Maoni yangu ni kwamba mzeituni unafaa kuwa kiko cha pili au cha tatu. Mwenye viko vya braya vya kutosha ataufurahia; mwenye uwezo wa kununua kimoja tu anunue braya.

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Mimi ni seremala wa kukereza hapa Kisumu, na viko nimevichonga kwa mbao za aina mbalimbali, mutamaiyo ukiwa mmojawapo. Aliyoyasema ndugu wa Kitale kuhusu braya nayakubali. Lakini hapo alipouweka mzeituni nafasi ya pili au ya tatu ameupunja mti kwa hatia isiyo yake. Viko vingi vya mzeituni vinavyoharibika mikononi mwa watu vinaharibika kwa sababu mbao hazikuwa zimekauka, au kwa sababu kuta ni nyembamba.

Nianze na kukauka. Mzeituni hukauka polepole mno na hupasuka kwa urahisi, hasa ukianikwa juani au ukiachwa gogo zima bila kupakwa chochote miishoni. Maji hutoka upesi kwenye miisho ya gogo kuliko ubavuni, sehemu ya nje husinyaa wakati ya ndani bado ni mbichi, na ufa huanzia hapo. Wachongaji wa miiko hupenda kuuchonga ungali mbichi kwa kuwa hulainika mbele ya tezo na patasi, na kwa mwiko hilo si kosa, kwani ni mwembamba na ukipinda kidogo bado utasonga ugali. Kiko hakina nafasi hiyo. Tundu la tumbaku linachimbwa katika mbao nene, tundu la moshi linakutana nalo chini, na shingo inaupokea mrija kwa kipimo kisichovumilia hata nusu milimita. Mbao zikisinyaa baada ya kutobolewa, tundu lililokuwa duara linabonyea, na mrija ama unalegea ama unaipasua shingo.

Kwa hiyo, Mzee wangu, kuhusu yule mchongaji, usisumbuke kuuliza kama mutamaiyo unafaa. Unafaa. Ni wa spishi moja na mzeituni wa Italia, Olea europaea, ingawa wataalamu huuweka katika tawi lake, na ugumu wake hauupungukii ule wa Ulaya. Wamasai huuita oloirien, na hutumia vijinga vyake kusafishia na kufukizia vibuyu vya maziwa, kwa hiyo harufu ya moshi wake imekuwa katika vinywa vya watu kwa vizazi vingi na hakuna aliyeilalamikia. Muulize mchongaji gogo lilikatwa lini, na tangu lilipokatwa limehifadhiwaje. Kipande cha unene wa kiko kilichopasuliwa, kikapakwa nta miishoni na kuwekwa kivulini penye hewa, sikiamini kabla ya mwaka mmoja kupita, na napenda zaidi miwili au mitatu. Asiye na kifaa cha kupimia unyevu atumie mizani ya dukani: akipime kipande, aandike uzito kwa penseli juu ya kipande chenyewe, akipime tena baada ya wiki kadhaa. Uzito ukiendelea kupungua, bado hakijakauka. Ukitulia, kinaweza kutobolewa.

Muulize pia gogo limetoka wapi. Mutamaiyo hukua polepole, hupatikana katika misitu mikavu ya nyanda za juu pamoja na mitarakwa, na misitu hiyo imekwisha kuumizwa vya kutosha na wachoma makaa. Mti ulioanguka wenyewe shambani, ukiwa na kibali cha kusafirishwa, unatoa mbao za viko vingi kuliko atakavyovuta mtu mmoja maishani. Wala usikubali kuuziwa mahali pake ule mti mrefu wa Kakamega na Elgon ambao wenye maghala ya mbao huuita Elgon tiki. Nao ni wa jamii ya mizeituni, ila ni spishi nyingine, Olea capensis, na mimi nauona kuwa mti wa sakafu na samani.

Sasa joto. Mbao hukinga joto kwa sababu ya vijumba vidogo vya hewa vilivyomo ndani yake. Mbao nzito zina hewa chache, kwa hiyo hupitisha joto haraka zaidi kuelekea kiganjani. Hiyo ni tabia ya mzeituni wenyewe, na haitakwisha kabisa hata kiko kikizeeka. Dawa yake ni unene. Braya yenye ukuta wa milimita 6 au 7 huvutika vizuri, lakini mzeituni mimi siuchongi chini ya milimita 9 mahali palipo pembamba kuliko pote, na chini, kwenye sakafu ya tundu, naacha zaidi ya hapo. Naomba upime ukuta wa kiko chako kabla hujaulaumu mti.

Jambo la mwisho ni kibaraza chako. Upepo unaopita juu ya kiko unafanya kazi ya mvukuto wa mhunzi. Kaa linawaka bila wewe kuvuta, na linawaka upande mmoja tu, ule unaoelekea upepo. Hapo ndipo kuta huungua. Nunua kifuniko kidogo cha chuma chenye matundu, kile cha kuwekwa juu ya kichwa cha kiko, au hamia upande wa nyumba usio na upepo.

Mzee wa Menengai (Nakuru)

Fundi, nashukuru kwa maelezo haya, na wewe ndugu wa Kitale pia. Nimepima ukuta: mahali pembamba kabisa ni milimita 6 na nusu, upande wa mbele, na hapo ndipo ninapohisi joto kuliko kwingine kote. Nimeona pia mstari mweusi mwembamba ndani ya tundu, upande huohuo, unaoshuka kutoka ukingoni hadi kama nusu ya kina. Sijui kama ni ufa unaoanza au ni mstari wa asili wa mti, kwa kuwa mzeituni umejaa mistari ya aina hiyo. Je, mtu hutofautishaje? Na suala la ladha bado halijajibiwa.

Mwalimu wa Lurambi (Kakamega)

Mzee, suala la ladha naomba nilichukue mimi, kwa sababu nimevuta mzeituni na braya sambamba kwa muda mrefu na nina msimamo juu yake.

Ladha unayoisikia ni ya kweli, nayo ina mwisho. Mafuta na utomvu uliobaki katika mzeituni hupata joto na kutoa mvuke wake, na mvuke huo unachanganyika na moshi wa tumbaku. Braya nayo ina ladha yake ikiwa mpya, ila imepunguzwa na ule uchemshaji alioueleza ndugu wa Kitale. Tundu likishafunikwa na ukoko wa makaa, moshi haugusi tena mti, na hapo tofauti ya ladha kati ya miti hiyo miwili inakuwa ndogo kiasi kwamba sidhani mtu aliyefungwa macho angeitambua kwa uhakika. Wanaodai kuwa mzeituni mkongwe huipa tumbaku utamu wa pekee nadhani wanakumbuka siku za mwanzo na uzuri wa mti mkononi. Simnyimi mtu furaha hiyo, kwani nami ninayo. Lakini anayenunua mzeituni kwa ajili ya ladha atavunjika moyo. Uzuri wake ni wa macho na wa kiganja, na hiyo ni sababu tosha.

Kwa hiyo mkazo wote uwe katika kuujenga ukoko. Jaza theluthi moja tu ya tundu kwa mara za mwanzo, uivute hadi chini kabisa ili makaa yashike kwenye sakafu ya tundu, ambako wavutaji wengi huacha tumbaku mbichi na maji. Kisha panda hadi nusu, kisha ujaze. Vuta kwa mwendo wa mtu anayesoma gazeti bila haraka. Ukiona kichwa hakishikiki, kiache kipoe hata kama moto utazima, kwani kuwasha tena si aibu. Kipumzishe siku nzima au zaidi kati ya uvutaji na uvutaji, na hili kwa mzeituni ni la lazima kuliko kwa braya, kwa sababu nyuzi zilizolala upande mmoja huvimba na kusinyaa kwa pamoja zinapolowa na kukauka. Hapo ndipo jibu la swali lako la kila jioni lilipo: kiko kimoja cha mzeituni hakifai kwa kila jioni, bali viwili au vitatu vya kupokezana vinafaa kabisa, sawa na braya. Ukoko usizidi milimita moja na nusu. Ukizidi hapo hutanuka kwa joto kuliko mti unavyotanuka, na mzeituni hauwezi kuvumilia msukumo huo kama braya. Unapoupunguza, kwangua taratibu wala usifike kwenye mbao.

Tumbaku nayo ina sehemu yake. Virginia iliyokaushwa kwa joto la bomba, ambayo ndiyo jani linalolimwa Kuria na Migori, ina sukari nyingi. Huwaka kwa joto na kuung'ata ulimi. Burley ina sukari kidogo na huwaka kwa upole zaidi. Latakia, inayofukizwa kwa moshi wa kuni, ina harufu nzito itakayoifunika ladha ya mti wowote, na ikiwa unataka kuujua mzeituni wako vizuri hutaipendelea mwanzoni. Angalia pia unyevu. Huko Nakuru miezi ya Januari na Februari tumbaku iliyoachwa wazi hukauka upesi, na tumbaku kavu kupita kiasi huwaka kwa kasi. Kisumu, karibu na ziwa, shida ni kinyume chake: tumbaku huvuta unyevu, mvutaji anavuta mvuke, maji yanatuama chini, na mvuke huo huchoma ulimi kuliko moto. Ifinye kati ya vidole: isishikamane kuwa donge, wala isivunjike kuwa unga.

Nina wazo moja ambalo ningependa Fundi alipime. Arusha palikuwa na kiwanda kilichotengeneza viko vilivyouzwa kwa jina la Kiko, vikiwa na alama ya tembo, kwa kutumia yale madini meupe mepesi yachimbwayo katika bonde la Amboseli, sepiolaiti, ambayo hayaungui wala hayana ladha. Vingi vya viko hivyo vilikuwa vya mbao kwa nje na vya madini kwa ndani. Kama mzeituni unaogopa moto, kwa nini tusiuvike kikombe cha ndani? Madini ya Amboseli ni adimu siku hizi, lakini wafinyanzi wa Nyanza wanaweza kufinyanga kikombe chembamba cha udongo, kikachomwa vizuri na kupachikwa ndani ya mutamaiyo. Wazee wetu walivuta viko vya udongo vyenye mirija ya matete muda mrefu kabla ya braya kufika huku, na udongo wenyewe hauna neno na moto.

Muuguzi wa Kericho

Nimesoma mjadala huu kwa makini, na ninawaheshimu wazee wangu. Naomba kuongeza jambo moja linalohusu uchaguzi wa mti, kwa kuwa msomaji mgeni anaweza kudhani kwamba kiko chenye moshi baridi au mti wa asili kina madhara kidogo. Hakina. Moshi wa kiko, hata usiposhushwa mapafuni, husababisha saratani ya kinywa, ya ulimi na ya koo, na nikotini yake hupenya kupitia utando wa kinywa. Braya au mzeituni, hilo halibadiliki. Aliye tayari kuacha asaidiwe kuacha. Na anayevuta asivutie ndani ya nyumba yenye watoto. La pili ni kwa wachongaji: msichonge kiko kwa kipande kilichotiwa dawa ya mchwa au kilichowahi kupakwa rangi, hata kikiwa kizuri namna gani, kwa kuwa dawa hizo zikipata joto zinavutwa pamoja na moshi.

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Muuguzi, asante, na hilo la dawa ya mchwa nitalibandika ukutani pangu, kwa sababu vipande vya bure vinavyoletwa karakana mara nyingi ni vya nguzo na mapaa.

Mzee, kuhusu ule mstari. Subiri kiko kipoe na kukauka kabisa, ukwangue masizi ya juu kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha uangalie kwa taa yenye mwanga mkali. Mstari wa asili hauna ukingo: ncha ya sindano ikipita juu yake haikwami, na ukiufuata kwa macho hadi ukingoni juu unaonekana ukiendelea upande wa nje kwa rangi ileile. Ufa wa joto unaikamata sindano, mara nyingi huwa na matawi madogo, na mbao za kandokando yake huwa nyeusi na za kusagika. Nyufa nyembamba za juujuu ndani ya tundu hutokea hata kwenye braya na si msiba. Kinachokiua kiko ni doa laini linalobonyea ukilikandamiza kwa ncha ya kijiti. Ukilipata hilo, usikivute tena mpaka litengenezwe.

Kama ni ufa wa juujuu tu, changanya unga laini sana wa makaa na maziwa lala mpaka upate uji mzito, upake ndani ya tundu kwa kidole tabaka jembamba, ukiwa umepitisha kijiti cha kusafishia katika tundu la moshi lisije likaziba. Acha siku mbili au tatu likauke. Tabaka hilo litaikinga mbao hadi ukoko wako mwenyewe ujijenge, na ladha ya mti itapungua papo hapo. Kwa ukuta wa milimita 6 na nusu usikijaze hadi juu, na usikivute kwenye upepo kamwe. Ukivuta hivyo kitakaa. Wala usichomoe mrija kingali moto, kwa kuwa shingo ya mzeituni ikiwa imevimba kwa joto na unyevu hupasuka kwa jambo dogo kama hilo.

Mwalimu, kikombe cha udongo kinawezekana, lakini kina masharti. Udongo uliochomwa haujongei, na mzeituni unajongea kila msimu. Ukikigandisha kikombe kwa gundi kwenye mbao zote, mbao zikisinyaa mwezi wa Januari zitakibana na kitu kimoja kitapasuka, aidha kikombe au kiko. Kikombe kikae kwa kulegea, pawe na mwanya wa kama nusu milimita kukizunguka, kishikwe juu tu kwa pete ya mbao au ya pembe, na chini kitobolewe mahali panapoelekeana na tundu la moshi. Mwanya huo wa hewa utakinga joto kuliko udongo wenyewe. Kwa hesabu hiyo kichwa cha kiko kitakuwa kinene, na kizito kwa meno, hivyo kitafaa kushikwa mkononi mtu akiwa ameketi.

Ndugu wa Kitale, kuhusu nafasi ya mzeituni mbele ya braya nadhani tutaendelea kutofautiana. Nakubali tu kwamba anayeanza, asiyejua bado kuvuta polepole, atafanya vizuri kujifunzia kwenye braya, au hata kwenye kile kiko cha bei nafuu cha gunzi la mahindi ambacho Wamarekani wametengeneza Missouri tangu 1869.

Na kwa yule mchongaji wa Nakuru, Mzee, ukiridhika kwamba gogo lake limekauka, mpe vipimo hivi: tundu la tumbaku liwe na upana wa milimita 19 au 20 na kina cha milimita 35 hadi 40; ukuta usipungue milimita 9; tundu la moshi liwe la milimita 4, na litokee chini kabisa katikati ya sakafu, si juu yake, la sivyo maji yatatuama. Nyuzi za mti zielekee kutoka shingoni kwenda mbele, ili shingo isivunjike. Asipake vanishi ndani wala nje; nta ya nyuki iliyosuguliwa kwa kitambaa inatosha. Akishatoboa, aache kipande wiki kadhaa kabla ya kukifikisha umbo la mwisho na kupachika mrija, kwa maana mti ukitobolewa huachilia mkazo uliokuwa nao ndani, na ni bora ujongee kabla ya kupachikwa mrija.